Heshima si Utumwa: Adabu za Muislamu Anapokutana na Mtu Maarufu



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, somo letu la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo. Tufanye nini tunapokutana uso kwa uso na mtu maarufu? Sizungumzii kumtazama uwanjani au kwenye simu. Nazungumzia pale anapokuwa mgeni mwenzako katika walima, anapokaa nawe jamvi moja kwenye futari, au anaposimama bega kwa bega nawe katika safu ya Ijumaa. Kwetu hapa Uganda jambo hili si la kufikirika. Mchezaji wa timu ya taifa, msanii, mbunge, sheikh mwenye wafuasi wengi mitandaoni, wote wana ndugu wanaooa, na jumuiya zetu za wanafunzi hupenda kuwaalika Ramadhani inapofika.

Nasoma Masomo ya Kiislamu, huu ni mwaka wangu wa tatu. Tumesoma adabu za kula, za kulala, za safari, hata za kupiga chafya na kupiga miayo. Wenzangu wa fani nyingine huniuliza kwa utani: mbona hakuna mlango wa staa? Jibu langu ni kwamba mlango huo upo. Umetawanyika tu ndani ya Qur'ani na Hadithi, na tukiukusanya tutaona kwamba una jambo moja kubwa ndani yake: mtu maarufu apewe haki zake zote kama Muislamu na kama binadamu, bila kupunguziwa na bila kuongezewa.

Kisa cha Nagrig

Tuanze na kisa kinachojulikana. Tarehe 1 Juni 2019 Mohamed Salah alitwaa Kombe la Mabingwa Ulaya akiwa na Liverpool mjini Madrid. Siku chache baadaye ikaingia Idi ya mfungo wa Ramadhani, naye akarudi kijijini kwao Nagrig, kwenye delta ya mto Nile, kusherehekea na watu wake. Mashabiki na waandishi wa habari wakajazana nje ya nyumba yao. Salah akaandika mtandaoni kulalamika kwamba mtu hawezi hata kutoka nyumbani kwake kwenda kuswali swala ya Idi. Kwa maana ya maneno yake, alisema jambo lile halihusiani na mapenzi, bali ni ukosefu wa heshima.

Tulitafakari hili. Wengi wa waliokuwa nje ya mlango ule walikuwa Waislamu, na wengi wao bila shaka walikuwa wametoka kufunga mwezi mzima. Walimpenda kwelikweli. Tena sehemu ya mapenzi hayo ni kwamba yeye akifunga bao husujudu, na Uislamu wake unaonekana mbele ya dunia nzima. Lakini mapenzi hayo hayo yakasimama kati yake na swala. Hapo ndipo penye hatari ninayotaka tuione: mtu tunayemsifu kwa dini yake tunaweza sisi wenyewe kumzuia asiitekeleze.

Qur'ani imekwisha kutufundisha

Rudi kwenye Suratul Hujurat, aya ya 4 na ya 5. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wa ujumbe wa Banu Tamim walifika Madina na kumwita Mtume (s.a.w.) kwa sauti kutoka nje ya vyumba vyake. Mwenyezi Mungu akabainisha kwamba wengi wa watu hao hawakuwa na akili ya kufahamu, na kwamba lau wangesubiri mpaka awatokee mwenyewe ingekuwa heri kwao. Aya ya 5 inamalizia kwa msamaha na rehema, kwa hiyo mlango wa kujirekebisha upo wazi.

Ni kweli kwamba aya hizi zilishuka kuhusu heshima ya Mtume (s.a.w.), na hakuna mcheza mpira wala sheikh wa kulinganishwa naye. Lakini adabu iliyomo ndani yake inatufaa sote: mtu akiwa ndani ya faragha yake, usimtoe kwa kelele. Suratul Nur aya ya 28 inaendeleza somo hili. Ukiambiwa rudi, basi urudi, na kurudi huko ni usafi zaidi kwako. Angalia kwamba aya haikusema kurudi ni aibu. Kwa hiyo mlinzi au ndugu wa mgeni akikwambia "si sasa", hujadhalilishwa. Umepewa nafasi ya kufanya jambo lililo safi.

Maswahaba walikaaje na mbora wa viumbe?

Hakuna umati uliompenda mtu kama Maswahaba walivyompenda Mtume (s.a.w.). Basi tuwatazame wao.

Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Dhimam bin Tha'laba aliingia msikitini, akamfunga ngamia wake, kisha akauliza ni nani kati yao aliye Muhammad. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameketi kati ya Maswahaba wake. Mgeni hakuweza kumtambua kwa kiti, kwa vazi wala kwa duara la watu waliomtumbulia macho. Ilibidi aulize.

Ibn Majah amepokea kutoka kwa Abu Mas'ud (r.a.) kwamba mtu mmoja alikuja mbele ya Mtume (s.a.w.) akawa anatetemeka. Mtume akamtuliza, akamwambia kwamba yeye si mfalme, ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa akila nyama iliyokaushwa, yaani chakula cha watu wa kawaida. Naye Anas anatueleza, kwa mapokezi ya Tirmidhi, kwamba hakuna mtu waliyempenda kuliko Mtume, na bado hawakuwa wakimsimamia anapoingia kwa sababu walijua halipendi jambo hilo. Hapa kuna kanuni muhimu: heshima ya kweli hutazama anachopenda yule anayeheshimiwa. Haitazami anachotaka kuonyesha yule anayeheshimu.

Je, maana yake ni kwamba mtu mwenye cheo asitofautishwe kabisa? Hapana. Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipofika akiwa amepanda punda, Mtume (s.a.w.) aliwaambia Answari wamsimamie bwana wao, na Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wapo wanazuoni waliosema ni kwa ajili ya kumkirimu, na wapo waliosema ni kwa ajili ya kumsaidia kushuka kwa sababu alikuwa na jeraha. Vyovyote iwavyo, kumpokea mgeni mkubwa vizuri, kumfungulia njia na kumwonyesha pa kukaa ni katika dini. Wahenga wetu walisema heshima si utumwa. Kwa hiyo anayekaa kimya na kununa ili aonekane hababaishwi na mastaa, naye hajapatia.

Kipimo: haki sita

Ukikosa la kufanya, tumia kipimo hiki. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Muslim, haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake ni sita: ukikutana naye umsalimie, akikualika uitikie, akikuomba nasaha umpe, akipiga chafya akamhimidi Mwenyezi Mungu umwombee rehema, akiugua umzuru, na akifa ulifuate jeneza lake.

Isome tena orodha hiyo ukimfikiria mtu maarufu. Hakuna haki hata moja inayoanguka kwa sababu ana jina. Hakuna pia haki ya saba inayokupa wewe ruhusa ya kumkumbatia, kumrekodi au kumketisha ajibu maswali. Kisha tazama jambo la ajabu: sisi tunamkimbilia katika mambo yasiyo haki yake, na haki zake zenyewe tunazisahau. Mchezaji akivunjika mguu na kukaa nje msimu mzima, ni wangapi kati ya waliopanga mstari wa picha watakaomzuru au angalau kumwombea dua? Msanii akipiga chafya pembeni yako, utamwambia "yarhamukallah" au utacheka na kumwonyesha jirani yako?

Mambo ya kuzingatia

Baada ya msingi huo, tuingie katika utendaji.

Kwanza, anza kwa salamu, na ifanye iwe fupi. Msalimie kama unavyomsalimia Muislamu yeyote, taja jina lako, sema neno moja jema, kisha umwachie nafasi. Yeye akitaka mazungumzo yaendelee atakuuliza. Usimwite kwa jina la jukwaani ukiwa msikitini, na usimpigie kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Pili, chunga sifa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu alimsifu mwenzake mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akamwambia kwamba amemkata shingo rafiki yake. Kisha akafundisha kwamba ambaye hana budi kusifu aseme anamdhania hivyo, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumhesabu. Kwa hiyo badala ya kumwambia "hakuna kama wewe duniani", mwambie "ile kazi yako ilitunufaisha, Mwenyezi Mungu akubariki". Dua hii ya baraka ina asili yake. 'Amir bin Rabi'a alipostaajabia ngozi ya Sahl bin Hunayf (r.a.) aliyekuwa akioga, Sahl alianguka akaugua. Mtume (s.a.w.) akamlaumu 'Amir kwa nini hakumwombea baraka, kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik. Mtu maarufu hutazamwa na macho mengi kuliko wewe na mimi. Anahitaji dua ya baraka kuliko makofi.

Tatu, simu. Picha aliyoridhia, kwa wakati ulio sawa, haina ugomvi katika somo hili. Ugomvi uko kwenye picha ya wizi: mdomo umejaa pilau, mtoto wake kalala begani, au yumo katika dua baada ya swala. Aya ya 12 ya Hujurat imekataza kupelelezana, na kamera iliyofichwa nyuma ya sahani ni upelelezi tu. Omba ruhusa. Akikubali, piga moja na umshukuru. Akikataa, sema "hakuna tabu" na umaanishe. Ndani ya swala na khutba, simu ikae mfukoni, na mbele ya anayeswali usipite ukitafuta pembe nzuri. Kumbuka pia kwamba ukiweka kwenye stetasi yako kwamba fulani yuko mahali fulani sasa hivi, umewaita watu ambao mwenye shughuli hakuwaalika.

Nne, wakati wa mtu. Walima ya Mtume (s.a.w.) na Mama Zaynab bint Jahsh (r.a.) ilikwisha, watu wakaondoka, lakini wachache wakabaki wakizungumza. Mtume akatoka, akarudi, akawakuta bado wapo, naye akaona haya kuwaambia waondoke. Ndipo iliposhuka aya ya 53 ya Suratul Ahzab, ikitufundisha kwamba tukishakula tutawanyike. Aya yenyewe inasema kwamba jambo lile lilimuudhi Mtume lakini akaona haya. Usidhani basi kwamba kila anayetabasamu amependa ubaki. Tabasamu la mgeni huenda ni haya tu.

Tano, mipaka ya mwanamume na mwanamke haifutwi na umaarufu. Mama Aisha (r.a.) ameeleza, katika Bukhari, kwamba mkono wa Mtume (s.a.w.) haukugusa mkono wa mwanamke katika kuchukua ahadi ya utii. Dada yangu, huna sababu ya kuona haya ukiweka mkono kifuani na kutoa salamu kwa sauti. Na wewe kaka, mtangazaji au mwimbaji wa kike aliyekuja harusini amekuja kama mgeni. Mwili wake na nguo zake si mada ya meza yenu, wakati yupo wala akishaondoka.

Sita, maombi. Ninajua uzito wa ada, na ninajua kishawishi kinachomjia mwanafunzi anayedaiwa anapomwona tajiri hatua tatu mbele yake. Hakim bin Hizam (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) mali mara tatu, akapewa mara zote tatu, kisha akafundishwa kwamba mkono wa juu ni bora kuliko wa chini. Baada ya hapo hakumwomba mtu tena mpaka alipofariki. Mwenye dhiki ya kweli ana ruhusa ya kueleza shida yake, lakini si katikati ya kula na si mbele za watu, ambako mtu hutoa kwa kuogopa aibu. Pitia kwa viongozi wa jumuiya au andika barua. Hiyo inahifadhi uso wako na wake.

Saba, maarufu asiye Muislamu, na Muislamu ambaye kazi yake hatukubaliani nayo. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni mtu wa Kapchorwa, jirani zetu sisi wa Mbale, na si Muislamu. Ukimkuta kwenye sherehe ya jirani, mpongeze kwa uungwana, jitambulishe, basi. Tabia yako ndiyo daawa atakayoondoka nayo. Mtazame Thumama bin Uthal, bwana wa Yamama, aliyeletwa mateka akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Siku tatu alikaa humo katikati ya watu wanaoswali, na kila siku Mtume alimuuliza ana lipi, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda akaoga, akarudi akasilimu. Na kwa msanii Muislamu ambaye nyimbo zake zinakukera, kumbuka kwamba Musa na Harun (a.s.) waliambiwa wamwendee Firauni kwa maneno laini. Wewe si bora kuliko Musa, na yeye si mbaya kuliko Firauni. Kama amekuja kwenye nikah au futari, ameingia mlango wa heri. Usimfungie mlango huo kwa kumsema mbele ya watu.

Yule aliyekaa karibu na mlango

Nimeliacha la mwisho makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Suratu 'Abasa ilishuka pale Mtume (s.a.w.) alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Kikuraishi, akitumaini watasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu, akitaka kufundishwa, na uso wa Mtume ukakunjamana. Kipofu hakuuona uso ule. Mwenyezi Mungu aliuona, na aya zikashuka zinazosomwa mpaka leo. Zingatia nia iliyokuwapo: Mtume (s.a.w.) hakutaka picha wala fedha, alitaka wale wakubwa waongoke. Na bado akakumbushwa. Baadaye Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini, na Mtume alimwachia usimamizi wa Madina aliposafiri.

Sasa tazama futari zetu. Mgeni maarufu akiingia, nani ananyanyuliwa kwenye kiti cha mbele? Mara nyingi ni yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwinua mwenzake ili akae mahali pake, na badala yake tupanuliane nafasi. Nani anapewa nyama, na nani anaambiwa chakula kimekwisha? Abu Hurayra (r.a.) ametusimulia kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambayo matajiri wanaalikwa na maskini wanaachwa. Na nani anabaki kuosha masufuria wakati sisi wengine tunasindikiza gari la mgeni mpaka getini?

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa kamati zetu, Ramadhani ijayo wafanye mambo matatu rahisi. Wapange viti vya wageni mapema ili asiinuliwe mtu. Watangaze kabla ya adhana ya Magharibi kwamba picha ni baada ya swala na chakula, kwa ridhaa ya mgeni. Na wamteue mtu mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni kuhakikisha kwamba waliokaa karibu na mlango wamekula.

Na kila mmoja wetu ajiulize akirudi bwenini: salamu niliyompa mgeni yule, nimempa pia mlinzi wa geti? Kama jibu ni ndiyo, basi ulichompa mgeni kilikuwa heshima. Kama jibu ni hapana, huenda kilikuwa kitu kingine, na mwenye kukijua ni Mola wako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupambe kwa tabia njema, awahifadhi ndugu zetu wenye majina na fitina ya majina yao, na atujaalie tuwapende watu kwa ajili yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.